Safu ya Mengineyo

Daftari la baba lina harufu ya panya na kahawa kavu.
Nimelikuta nyuma ya kabati, Uru, juma la matanga yake,
limefungwa kwa kamba ya katani, mafundo matatu,
kana kwamba namba zingetoroka.

Venansi Temu, karani wa mizani wa kijiji.
Mwandiko mwembamba, umeinamia kulia
kama migomba siku ya upepo.
Jina, kilo, daraja, bei. Kisha makato.
Ushuru. Pembejeo. Gunia.
Na pembeni kabisa, safu aliyoichora mwenyewe kwa rula
mwaka ule redio iliposhinda ikipiga bendi ya jeshi:
Mengineyo.

Nilikuwa na miaka tisa. Nilidhani vita viko magharibi,
kule jua linakozama, kule alikopelekwa baba mdogo Prosperi.
Sikujua kwamba vita hupanda mlima kwa miguu
na kukaa dukani, nyuma ya kaunta.

Vilianza na sabuni.
Mama akafulia majani ya mpapai,
shati langu la shule likawa rangi ya maziwa yaliyoganda.
Vikachukua sukari. Vikachukua betri
za redio ile ile,
basi ushindi wenyewe tuliusikia nusu.
Tukala yanga. Tukavaa katambuga.
Zahanati ikabaki na nesi na mizani ya watoto:
mtoto wa Filomena alipimwa Jumanne, Ijumaa tukamzika.
Dawa ipo njiani, walisema, imekwama,
hakuna pesa za kigeni.
Pesa za kigeni ilikuwa kahawa yetu.
Kahawa yetu ilishakuwa risasi,
ilishapigwa, ilishaanguka ng'ambo ya Kagera
penye nyasi nisizozijua.

Sisemi tusingepigana.
Nyoka akiwa kitandani huulizi bei ya fimbo.
Nasema bei ilikuwepo.
Wakubwa walituambia Serikali imelipa.
Serikali ina mfuko gani
usioshonwa kwa nguo zetu?
Kwetu mtu akikukosea huja na jani la sale,
mbuzi akifuata nyuma.
Deni hili halikuja na jani.
Lilishuka mjini Moshi juu ya magunia,
likarudi jioni na lori tupu.

Prosperi alirudi na miguu miwili, mikono miwili.
Tukachinja, tukanywa mbege,
tukasema huyu hakukatwa kitu.
Kahawa ilipoiva, mama akajaza mashine ya kumenyea,
akazungusha mpini: tra-ta-ta-ta,
na baba mdogo yuko uvunguni
analia kwa Kiswahili,
yeye ambaye nyumbani hakuwahi kulia ila kwa Kichagga.

Tangu siku ile mashine yetu ilifunikwa gunia.
Mama alibeba madebe kichwani, akateremka korongo,
akavuka mto, akamenya kwa Pulkeria,
akapanda tena na maji ya kahawa yakimchuruzika mgongoni.
Misimu sita,
mpaka Prosperi alipokufa kwa ugonjwa mwingine, kimya kimya.
Nani angemwambia alikuwa anagharimu?
Shingo ya mama ilishazama mabegani.

Nafungua ukurasa wa mwisho.
Hakuna kilo. Hakuna shilingi.
Chini ya Mengineyo, kwa penseli,
kama mtu asiyetaka mkaguzi aone,
baba ameandika jina la mama
na mbele yake vijiti, vitano vitano,
kila cha tano kimelazwa juu ya wenzake.
Safari za kuvuka mto.

Nimevihesabu mara mbili, mia nne na kumi na saba.
Yeye ambaye hakuwahi kulala
kabla ya kupiga mstari na kuandika jumla,
hapa hakupiga mstari.